Jinsi ya Kutoa na Kufikisha Sampuli ya Manii Maabara Bila Kuiharibu: Mwongozo Kamili kwa Wanandoa wa Lamu na Malindi

Majibu mabaya ya kipimo cha manii si lazima yawe yametoka kwa mwanamume. Mara nyingi yametoka kwenye kikopo, kwenye tuktuk, au kwenye muda uliopotea kusubiri boti. Kazi yangu ni ya maabara, na makosa yanayoletwa mezani ni yale yale: manii ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi, manii ndani ya kondomu iliyofungwa fundo, kikopo kilichovushwa kutoka Mokowe kikiwa juu ya barafu pamoja na samaki. Mtu anasomewa majibu, anarudi nyumbani kimya, na ndoa inaingia doa kwa sababu ya sampuli ambayo haikupaswa hata kuwekwa chini ya darubini.

Upande wa pili wako wanawake waliozungushwa miaka na miaka, leo kwa mganga, kesho kwa daktari, na waume zao hawajapimwa hata mara moja. Katika ndoa zinazochelewa kupata mtoto, karibu nusu huwa na tatizo upande wa mume, liwe peke yake au pamoja na la mke. Kipimo cha mume hakina sindano wala kisu. Kianze hicho.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kikopo safi cha plastiki chenye mdomo mpana na kifuniko kinachokaza, kilichotoka maabara yenyewe. Usitumie kopo la jamu, chupa ya soda wala kichupa cha dawa, hata kama umekichemsha. Mabaki ya sabuni, sukari au dawa huua mbegu.
- Kalamu na karatasi ya kubandika kwenye kikopo.
- Saa, au simu yenye saa sahihi.
- Sabuni, maji ya kutosha ya kusuuza, na kitambaa safi kikavu.
- Karatasi ya daktari ya kuomba kipimo, kama unayo.
- Tarehe ya mara ya mwisho manii kutoka, imeandikwa. Usitegemee kumbukumbu.
- Chumba chenye faragha ambacho hakuna mtu atakayegonga mlango.

## Hatua ya 1: Piga simu maabara

Si kila maabara inafanya kipimo hiki, na zinazofanya si lazima zikifanye kila siku. Uliza mambo manne: wanapokea siku gani, mwisho saa ngapi, wana chumba cha kutolea sampuli hapo hapo, na je, mke anaruhusiwa kuingia na mumewe. Ukimaliza, nenda kachukue kikopo chao siku moja au mbili kabla.

Ukiambiwa "leta tu wakati wowote, tutaiangalia jioni," shukuru na utafute maabara nyingine. Sampuli hii haisubiri jioni. Maabara inayojua kazi yake itakuambia uje asubuhi, na mtaalamu atakuwa ameshajiandaa kukupokea.

Umemaliza hatua hii ukiwa na siku, saa, na kikopo mkononi.

## Hatua ya 2: Hesabu siku zako

Manii yasitoke kwa siku zisizopungua 2 na zisizozidi 7 kabla ya kipimo. Chini ya hapo ujazo na idadi ya mbegu hushuka. Zaidi ya hapo mbegu zilizokaa sana huzeeka na kufa, na mwendo unaonekana mbaya. Kuota usiku nako kunahesabika, kwa hiyo ukiota, hesabu inaanza upya. Kama miadi yako ni Alhamisi, mara ya mwisho iwe Jumapili au Jumatatu.

Kuna hesabu nyingine ndefu zaidi ambayo watu huisahau. Mbegu ya binadamu huchukua kama siku 74 kutengenezwa ndani ya korodani, kisha siku kadhaa nyingine kukomaa katika mrija uliojikunja nyuma yake. Maana yake homa kali ya malaria uliyougua miezi miwili iliyopita inaweza kuonekana kwenye sampuli ya leo. Kama umeugua homa ndani ya miezi mitatu, ama ahirisha kipimo, ama kitoe lakini useme. Vivyo hivyo kwa vijana wa mazoezi wanaochoma sindano za testosteroni (homoni ya kiume) kujenga misuli: sindano hizo huzima kiwanda cha mbegu, na wengi hawaambiwi hivyo wanapouziwa.

Kuhusu Ramadhani: kutoa manii kwa kukusudia mchana wa mfungo hubatilisha saumu, na maabara nyingi hupokea asubuhi. Panga kipimo kabla ya mwezi kuandama au baada ya Idi. Kama daktari anaona hakiwezi kungoja, muulize sheikh wako mapema.

## Hatua ya 3: Chagua mahali pa kutolea

Pazuri kuliko pote ni chumba cha maabara. Sampuli inatoka, inafika mezani ndani ya dakika chache, na hakuna safari ya kuiharibu. Najua watu wanaona haya. Wahudumu wameona watu wengi kabla yako, na wengi wao hawatakumbuka sura yako jioni hiyo hiyo.

Ukishindwa kabisa, tolea nyumbani, lakini kwa sharti moja: kikopo kifike mkononi mwa mtaalamu ndani ya nusu saa, na kwa vyovyote kisizidi saa moja. Sasa pima makazi yako kwa sharti hilo.

Wa Mkomani na Langoni hana shida, hata kwa miguu anafika. Wa Shela asitembee na kikopo ufuoni juani. Apande boti, na ahakikishe boti imeshapata abiria na nahodha yuko tayari kabla hajaingia chumbani. Wa Matondoni na Kipungani asitolee nyumbani. Wa Pate, Siyu, Faza na Kizingitini ndio kabisa: boti ya kawaida ya abiria haifiki Lamu ndani ya saa moja, na kama maji yamekauka kwenye mkondo wa Mkanda mtakaa hapo mkiyangoja yajae. Njoo Lamu siku moja kabla, ulale kwa ndugu au kwenye gesti, utolee hapo mjini asubuhi.

Upande wa Malindi, anayekaa mjini anaweza kutolea nyumbani akiwa na usafiri mlangoni. Wa Watamu anaweza kwa gari linalokwenda moja kwa moja, lakini matatu inayosimama Gede kungoja abiria itammalizia muda wake wote. Wa Marafa na vijiji vya ndani afanye kama wa Pate, alale mjini.

## Hatua ya 4: Toa sampuli

Kojoa kwanza. Nawa mikono na uume kwa sabuni, suuza mpaka sabuni iishe, kausha. Mabaki ya sabuni yanadhuru mbegu, na ngozi chafu inaingiza vijidudu kwenye kikopo.

Fungua kikopo, weka kifuniko kikitazama juu, usishike ndani. Kisha toa kwa mkono, bila mafuta ya nazi, bila losheni, bila mate. Mate nayo yanapunguza mwendo wa mbegu, na ndiyo yanayotumiwa zaidi kwa kuwa watu hawayahesabu kuwa kitu.

Kila tone liingie kikoponi, hasa matone ya mwanzo. Sehemu ya kwanza ya manii ndiyo iliyobeba mbegu nyingi. Ya mwisho ni majimaji zaidi. Mtu akikosa kikopo mwanzoni akapata cha mwisho, majibu yataonyesha mbegu chache ambazo si hesabu yake ya kweli. Ikitokea, usifiche. Ama rudia siku nyingine, ama sema wazi kilichomwagika.

Mambo mawili ya kuepuka. Kwanza, kondomu ya dukani: mpira wake na mafuta yake hudhuru mbegu. Ziko kondomu maalumu za kipimo zisizo na dawa, lakini ziulizie maabara, usikisie. Pili, kukutana na mke kisha kuchomoa dakika ya mwisho. Ule mwanzo wenye mbegu hupotea, na majimaji ya mke yenye asidi huchanganyika na sampuli.

Wako wanaume wanaokataa kipimo hiki kwa kuogopa dhambi ya kujitoa manii kwa mkono. Kwa mwenye ndoa njia ipo: mke anaweza kumsaidia mumewe kwa mkono wake, na ndiyo maana nilisema uulize kama anaruhusiwa kuingia. Dada unayesoma hapa, uwepo wako pia hupunguza wasiwasi, na wasiwasi ndio unaowafanya wengi watoke chumbani na kikopo kitupu. Ikiwa hivyo, si aibu. Mpange siku nyingine.

Mara moja manii yakitoka, angalia saa na uandike dakika kamili, jina lako na tarehe. Funga kifuniko kikaze. Usishtuke kuona ni kidogo: kiwango cha chini cha kawaida ni mililita 1.4, ambayo haifiki hata thuluthi moja ya kijiko cha chai.

## Hatua ya 5: Beba kikopo

Kikopo kikae kati ya nyuzi joto 20 na 37. Mwili wako unatosha kwa kazi hiyo. Kiweke mfuko wa ndani wa shati, au kibindoni ukiwa umevaa kikoi, kimesimama wima. Kisiwekwe kwenye barafu, friji, chini ya kiti cha bodaboda, wala mbele ya tuktuk kioo kinapopigwa na jua. Siku za kaskazi, gari lililoegeshwa juani linapita nyuzi 37 haraka sana.

## Kwa nini nashikilia dakika na joto: somo kutoka kwa panya

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu mtu akielewa sababu hapotezi kikopo tena.

Manii yakitoka huganda yakawa mazito kama uji, kisha baada ya dakika 15 hadi 30 huyeyuka yakawa maji. Kinachoyayeyusha ni kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini) kutoka tezi dume, ambacho hukatakata protini zilizoyagandisha. (Ndicho hicho hicho kinachopimwa kwenye damu wazee wanapochunguzwa tezi dume.) Vimeng'enya hufanya kazi vizuri kwenye joto la mwili. Ukiweka sampuli kwenye barafu, kimeng'enya kinazubaa, manii yanabaki mabonge, na mtaalamu hawezi kuhesabu sawasawa.

Kisha kuna mbegu zenyewe. Mbegu ni mkia unaotaka nishati, na nishati hiyo kwa sehemu kubwa hutoka kwenye kuvunja sukari, kazi inayofanywa na mlolongo wa vimeng'enya vilivyopangwa ndani ya mkia. Mwaka 2004 watafiti huko North Carolina, Marekani, walichapisha kazi yao juu ya panya waliozaliwa bila kimeng'enya kimoja tu cha mlolongo huo, aina inayopatikana kwenye mbegu za kiume peke yake. Panya dume hao walikuwa na mbegu. Lakini mbegu zilitikisika pale pale bila kusonga mbele, na nishati yake ilishuka mpaka kama sehemu moja ya kumi ya kawaida. Dume hao hawakuzalisha.

Sasa weka mbegu za panya yule kwenye kioo kimoja cha darubini, na kwenye kioo kingine weka mbegu za mwanamume mzima ambaye kikopo chake kilikaa saa tatu juani jetini. Mtaalamu ataona kitu kile kile: mbegu zipo, hazisongi. Darubini haiwezi kumwambia kama kasoro iko ndani ya mwili au njiani. Kinachoweza kutenganisha hayo mawili ni saa uliyoandika kwenye kikopo na uaminifu wako ulipokibeba. Ndiyo sababu sampuli iliyochelewa mimi naona ikataliwe, mtu arudi siku nyingine, kuliko kumkabidhi karatasi atakayolala nayo miaka.

## Hatua ya 6: Kabidhi, na useme kila kitu

Mpe mtaalamu mwenyewe mkononi, usiache dirishani. Mwambie saa iliyotoka, siku ulizokaa bila manii kutoka, kama kuna kilichomwagika, homa ya karibuni, dawa unazotumia, sindano za testosteroni, sigara, bangi. Muombe aandike saa aliyoipokea mbele yako. Fomu ikiwa na nyakati zote mbili, wa kutoka na wa kupokelewa, kazi yako imekamilika.

## Hatua ya 7: Soma majibu

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa toleo la sita la mwongozo wake wa maabara kuhusu manii. Viwango vya chini vinavyotumika ni hivi:

- Ujazo: mililita 1.4
- Mbegu katika kila mililita: milioni 16
- Jumla ya mbegu: milioni 39
- Mbegu zinazotembea kwa jumla: asilimia 42
- Zinazosonga mbele: asilimia 30
- Zilizo hai: asilimia 54
- Zenye umbo la kawaida: asilimia 4

Hiyo asilimia 4 huwatisha watu. Mtu anaona "umbo la kawaida asilimia 5" anadhani amekwisha, kumbe yuko juu ya mstari. Mbegu za binadamu nyingi hazina umbo zuri, hata za wanaume wenye watoto.

Viwango hivi vilipatikana kwa kupima wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja, na mstari ukawekwa pale ambapo asilimia 5 tu ya kina baba hao walikuwa chini yake. Kwa hiyo walio chini ya mstari wamo waliozaa. Kuwa chini si hukumu ya utasa. Kunaonyesha tu kwamba inaweza kuchukua muda zaidi na kwamba daktari ahusike.

Kuwa juu nako si cheti. Nirudi kwa panya tena, kwa sababu hili wanaume hawapendi kulisikia. Katika miaka ya 1990 walifanyiwa utafiti panya dume waliokosa kimeng'enya kinachobadilisha angiotensini (homoni inayohusika na shinikizo la damu), ambacho kina aina yake maalumu kwenye korodani. Mbegu zao zilihesabiwa, zikawa za kutosha. Mwendo ukatazamwa, ukawa mzuri. Lakini uzazi wao ulikuwa hafifu sana: mbegu zilishindwa kupanda vizuri kwenye mirija ya jike na kushikamana na yai. Kasoro ya namna hiyo haionekani kwenye kipimo cha kawaida. Basi mume mwenye majibu mazuri asirudi nyumbani na karatasi kama silaha ya kumnyooshea mkewe. Majibu mazuri yanasema uchunguzi uendelee kwa wote wawili.

## Hatua ya 8: Rudia kabla ya kuamini

Kama kitu chochote kiko chini, rudia kipimo wiki kadhaa baadaye, maabara ile ile, siku za kujizuia zile zile. Mbegu za mtu mmoja hupanda na kushuka zenyewe, na karatasi moja haitoshi. Kama kulikuwa na homa, au umeacha sindano au sigara, subiri miezi mitatu ili kundi jipya la mbegu litoke. Kwa waliotumia testosteroni muda mrefu, kurudi kwa mbegu kunaweza kuchukua muda zaidi, na hapo panahitaji daktari.

Katika kipindi hicho cha kusubiri ndipo wauzaji huja. Utaletewa kwenye simu matangazo ya vidonge vya kuongeza vimeng'enya vya uzazi, "vimethibitishwa kwa panya." Hoji mambo mawili. Kimeng'enya ni protini, na ukikimeza tumbo linakivunja kama linavyovunja samaki na maharage, hakifiki korodani. Na panya hutengeneza mbegu kwa siku kama 35, nusu ya muda wa binadamu, kwa hiyo ahadi ya "mwezi mmoja" iliyonakiliwa kutoka kwa panya haiwezi kuwa yako. Panya wale wa maabara wametufundisha mbegu inavyofanya kazi, na nawashukuru watafiti wao, lakini hawakutengenezewa dawa ya kuuzwa Malindi.

## Majibu yakisema hakuna mbegu kabisa

Kwanza uliza kama maabara ilizungusha sampuli kwenye mashine ili mbegu chache zikusanyike chini, kisha ikaangalia tena. Kama haikufanya hivyo, neno "hakuna" halijathibitishwa. Kisha rudia, na ukipata jibu lile lile nenda kwa daktari na karatasi zote mbili.

Angalia ujazo pia. Manii kidogo sana, yenye asidi, na yasiyo na mbegu, huashiria njia iliyoziba au mrija ambao mtu alizaliwa bila huo. Korodani zinaweza kuwa zinatengeneza mbegu vizuri tu. Muulize daktari kuhusu kupima sukari ya fruktosi na kimeng'enya cha alfa-glukosidasi kwenye manii: cha kwanza hutoka vifuko vya manii, cha pili hutoka mrija ule uliojikunja nyuma ya korodani, na kukosekana kwa kimoja au kingine humwonyesha daktari njia imeziba wapi. Huenda ukahitaji kwenda Mombasa kwa vipimo hivi.

Kama ujazo ni wa kawaida lakini mbegu hakuna, daktari atataka homoni kwenye damu na atapapasa korodani kuona ukubwa wake.

Na kama una kisukari, au uliwahi kufanyiwa upasuaji wa tezi dume, na manii hayatoki au yanatoka matone tu, mwambie daktari apime mkojo wako mara baada ya kumaliza. Mlango wa kibofu ukilegea, manii hurudi nyuma na kuingia kibofuni. Kwa kipimo hicho utapewa kikopo cha pili. Kiandike "mkojo" na saa, ukibebe kama ulivyobeba cha kwanza.